Kinga ya seli, cheche za oksijeni na magonjwa ya ubongo: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Nilistaafu kazi ya maabara nikarudi Bombo, hapa Uganda, nikidhani nitapalilia mihogo na kucheza na wajukuu. Badala yake, kila harusi na kila matanga kuna mtu ananivuta kando: "Hajati, hebu nikuulize kidogo." Mara nyingi swali lina mzee ndani yake, mzee anayetetemeka au anayepotea njia ya msikitini aliyoipita miaka 40. Na mara nyingi lina chupa ya vidonge ndani yake pia. Haya hapa ni yale yanayojirudia. Mimi si daktari wa neva, kwa hiyo ya dozi mwulize daktari. Ya seli niulize mimi.

Hajati, antioksidanti ni nini hasa? Siku hizi hata paketi ya majani ya chai imeandikwa neno hilo.

Anza na sigiri. Makaa yanawaka, matoke yanaiva, lakini cheche nazo zinarukaruka. Seli ina sigiri zake ndogo ziitwazo mitokondria, ambamo chakula huunguzwa kwa oksijeni ili tupate nguvu. Elektroni hupokezanwa mkono kwa mkono mpaka zifike kwenye oksijeni, yakatoka maji. Chache huponyoka njiani zikaidaka oksijeni kabla ya wakati wake, na hapo huzaliwa superoksidi. Hiyo ni mojawapo ya radikali huru: molekuli yenye elektroni isiyo na mwenzake, kwa hiyo humpokonya jirani. Jirani aliyepokonywa naye hupokonya mwingine, na wizi unaendelea kwenye mafuta ya utando wa seli, kwenye protini, hata kwenye DNA.

Antioksidanti ni chochote kinachozima cheche hizo au kuzizuia zisienee. Watu hufikiria vitamini C na E. Zimo, lakini ni wasaidizi tu. Wazimamoto wenyewe ni vimeng'enya ambavyo seli hujitengenezea. Cha kwanza ni superoksidi dismutesi, ambacho kazi yake ilitambuliwa mwaka 1969 na Joe McCord na Irwin Fridovich wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani. Kinaikamata superoksidi na kuigeuza hidrojeni peroksidi.

Hidrojeni peroksidi unaijua: ni ile dawa ya kuoshea vidonda inayotoa povu jeupe. Povu lile ni oksijeni inayotolewa na kimeng'enya kingine, katalesi, kilichomo kwenye damu na nyama yako. Yaani kila aliyewahi kuoshwa kidonda zahanati ameshaiona kinga ya seli ikifanya kazi mbele ya macho yake. Molekuli moja ya katalesi huvunja mamilioni ya molekuli za peroksidi kwa sekunde moja. Ishike hiyo, nitairudia tukifika kwenye vidonge.

Pembeni ya katalesi kuna glutathioni, molekuli ndogo iliyoungwa kwa asidi amino tatu: glutameti, sisteini na glaisini. Kimeng'enya chenye madini ya seleniamu huitumia kuizima peroksidi, kisha glutathioni iliyotumika hurudishwa kazini, kama chupa ya soda inayorudi kiwandani kuoshwa na kujazwa tena.

Mbona ubongo ndio unaoharibika, si ini wala misuli?

Ini na misuli navyo huumia, ila vinaweza kujirekebisha kwa seli mpya. Seli nyingi za neva ulizonazo ni zile ulizozaliwa nazo. Ikifa moja, haina mrithi.

Halafu tazama hesabu. Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini ukiwa umepumzika tu unakula karibu asilimia 20 ya oksijeni yote. Umejaa mafuta ya aina ile inayoshika moto upesi, mafuta yaleyale tunayosifia kwenye samaki. Una madini ya chuma, na chuma kikikutana na peroksidi huzaa hidroksili, radikali kali kuliko zote, isiyo na kimeng'enya cha kuizima kwa sababu hushambulia cha kwanza inachogusa. Na katalesi ya ubongo ni kidogo ukilinganisha na ya ini. Seli za neva hata kutengeneza glutathioni ya kutosha hutegemea jirani zake wenye umbo la nyota, astrosaiti, wanaowapelekea malighafi. Nyumba ya makuti, sigiri nyingi, ndoo chache.

Basi radikali huru ndizo zinazoleta Alzheimer, ule wa kupoteza kumbukumbu, na Parkinson, ule wa kutetemeka?

Hapa ndipo wauzaji na wanasayansi wanapoachana njia. Mwaka 1956 Denham Harman alitoa hoja kwamba uzee wenyewe ni matokeo ya radikali huru, na hoja hiyo ikapendwa kwa sababu ni rahisi kueleza. Ni kweli kwamba ukifungua ubongo wa mtu aliyekufa na magonjwa haya, utakuta mafuta yaliyoungua, protini zilizoharibika na DNA yenye majeraha. Lakini ukifika kwenye nyumba iliyoungua ukakuta majivu, majivu hayakuambii moto ulianzia chumba gani.

Kuna dalili zinazoonyesha kwamba, angalau kwenye Parkinson, kinga huyumba mapema. Kwenye sehemu ya ubongo inayoshambuliwa, glutathioni imekutwa imepungua kwa karibu asilimia 40, na imekutwa chini hata kwa watu waliokufa na mabadiliko ya kwanza ya ugonjwa kabla hawajaanza kutetemeka. Hiyo haiwi majivu tu.

Ninavyolielewa mimi, ni duara. Protini iliyokunjika vibaya huharibu mitokondria, mitokondria iliyoharibika hutoa cheche zaidi, cheche hukunja protini nyingine vibaya, na seli za ulinzi wa ubongo zikiamka kupambana nazo humwaga radikali za kwao. Kinga ya antioksidanti ni mojawapo ya breki za duara hilo. Breki ikilegea gari linaongeza mwendo, lakini breki siyo iliyoliwasha gari.

Baba anatetemeka mkono wa kulia. Ndugu zake wanasema ni buko.

Kwa wasioishi huku: Baganda wana mwiko mkali kati ya mkwe na mama mkwe, na kutetemeka kwa mtu mzima kumehesabiwa tangu zamani kuwa adhabu ya kuuvunja. Hiyo ndiyo buko. Jirani yangu mmoja alikaa miaka akificha mkono mfukoni kwa aibu ya kosa ambalo hakulifanya. Chama cha wagonjwa wa Parkinson nchini kimejiita Si Buko, na sijui jina lingeweza kuwa fupi na la kweli zaidi.

Ugonjwa wenyewe ulielezwa na James Parkinson, daktari wa London, mwaka 1817. Katikati ya ubongo kuna kipande chenye rangi nyeusi, na seli zake hutengeneza dopamini, kemikali inayolainisha mwendo. Seli hizi zina balaa la ziada: dopamini yenyewe ikioksidishwa huzaa radikali, chuma hujikusanya hapohapo, na kazi yao ni ya kutwa kucha. Mkono unapoanza kutetemeka, sehemu kubwa ya seli hizo imeshakwenda.

Ushahidi kwamba mitokondria zimo kwenye kesi hii ulipatikana kwa bahati mbaya. Mwaka 1982 huko California, vijana waliojidunga heroini bandia waliganda kama wazee wenye Parkinson ya miaka mingi. Daktari William Langston na wenzake wakagundua kwamba dawa ile ilikuwa na uchafu uitwao MPTP, ambao ukiingia kwenye seli za dopamini huziba mlango wa kwanza wa mnyororo wa elektroni kwenye mitokondria. Nguvu hukatika, cheche huzidi, seli hufa. Baadaye zilipopatikana jeni za Parkinson ya kurithi, kadhaa kati yake, kama PINK1, Parkin na DJ-1, zilikutwa na kazi ileile ya kuchunga mitokondria au kuikinga seli na oksidisho. Mama mkwe hayumo popote.

Na kusahau kwa uzee, ni hivyohivyo?

Kusahau ufunguo ni uzee. Kusahau ufunguo ni wa kazi gani, huo ni ugonjwa. Alois Alzheimer aliueleza mwaka 1906, na alama zake kwenye ubongo ni mabonge ya amiloidi nje ya seli na nyuzi za tau ndani yake. Uharibifu wa radikali huru uko wazi na huonekana mapema, lakini ushahidi kwamba ndio chanzo ni hafifu kuliko wa Parkinson. Shinikizo la damu na kisukari vina uzito mkubwa hapa, na hivyo unaweza kuvipima kesho asubuhi.

Nimesikia kuna ugonjwa unaotokana na kimeng'enya chenyewe cha kinga. Inawezekanaje?

Inawezekana, na kisa hiki kilitufundisha unyenyekevu. Kuna ugonjwa uitwao ALS ambao huua neva za misuli, mtu akadhoofika mikono, miguu, sauti, mwisho pumzi. Mwaka 1993 iligunduliwa kwamba baadhi ya familia zenye ugonjwa huu zina kasoro kwenye jeni ya SOD1, jeni ya dismutesi yenye shaba na zinki. Hesabu yao ni kama asilimia 2 ya wagonjwa wote wa ALS. Kila mtu akasema: imekwisha, kimeng'enya kimekufa, radikali zimezidi, tuwape antioksidanti.

Wakaondoa jeni hiyo kwenye panya kabisa, na panya hawakupata ALS. Wakawapa panya jeni yenye kasoro juu ya ile nzima, wakaugua, ingawa dismutesi walikuwa nayo tele. Tatizo halikuwa mlinzi kukosa kazini. Mlinzi mwenyewe alipinda umbo akawa sumu, akijikusanya na wenzake ndani ya seli. Ndiyo maana tofersen, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023 kwa wagonjwa wa aina hii, haiongezi SOD1 hata chembe. Inaipunguza.

Nimwanzishie mama vidonge vya vitamini E, C na koenzaimu Q10? Dukani wanasema vinarudisha kumbukumbu.

Shangazi yangu aliuza mbuzi wawili akanunua boksi la vidonge vya namna hiyo, kwa kuambiwa vitamrudishia mumewe akili. Boksi lilikwisha, mbuzi hawakurudi. Kwa hiyo swali hili silijibu kwa upole sana.

Vimejaribiwa, tena kwa umakini. Jaribio lililotoa matokeo mwaka 1993 liliwapa wagonjwa 800 wa Parkinson vitamini E yuniti 2,000 kwa siku au kidonge bandia: hapakuwa na tofauti. Koenzaimu Q10 ilijaribiwa kwa wagonjwa 600, majibu yakachapishwa 2014: hapana. Kuongeza asidi ya yuriki, ambayo ni antioksidanti ya asili ya damu, kulijaribiwa na kutangazwa 2021: hapana. Wanaume zaidi ya 7,500 waliofuatiliwa kwa miaka wakila vitamini E na seleniamu hawakukingwa na kupoteza kumbukumbu, majibu ya 2017. Lililo upande wa pili ni jaribio la 2014 kwa wanajeshi wastaafu 613 wa Marekani waliokuwa tayari na Alzheimer ya mwanzo au ya kati: vitamini E ya dozi kubwa ilichelewesha kiasi kupungua kwa uwezo wa kujihudumia, lakini haikurudisha kumbukumbu. Silifichi, lakini pia silitangazi kwa kipaza sauti.

Na usidhani visiposaidia havidhuru. Wavuta sigara wa Finland waliopewa beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao. Hiyo ilijulikana 1994. Mwaka 2011 ikaonekana kwamba wanaume waliokunywa vitamini E peke yake walipata saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi.

Kwa nini vinashindwa? Rudi kwenye katalesi. Kimeng'enya kimoja huzima mamilioni kwa sekunde na hakichakai. Molekuli ya vitamini huzima radikali moja, kisha yenyewe inahitaji kufufuliwa. Hidroksili nayo haisubiri. Imeshamgusa mtu kabla vitamini haijafika. Mishipa ya ubongo ina ukuta mkali usiopitisha kila kinachoogelea kwenye damu. Na mgonjwa huanza kumeza baada ya miaka mingi ya moto. La mwisho ndilo ninalolipenda kuliko yote: si kila cheche ni adui. Seli hutumia peroksidi kidogo kama ujumbe. Jaribio moja la 2009 lilionyesha kwamba watu waliofanya mazoezi huku wakila vitamini C na E nyingi walikosa sehemu ya faida ya mazoezi hayo, kwa sababu mwili haukusikia ile kengele inayouamsha ujenge kinga yake.

Ukiona bidhaa inajisifu kwa namba ya nguvu ya antioksidanti iliyopimwa maabara, jua kwamba Wizara ya Kilimo ya Marekani iliondoa orodha yake ya namba hizo mwaka 2012, kwa kuwa kinachotokea kwenye chupa ya majaribio hakisemi kitatokea nini mwilini.

Kuna saluni Kampala wanachoma sindano ya glutathioni ya kung'arisha ngozi, na wanasema inalinda ubongo pia.

Glutathioni ikiingia kwenye mshipa huvunjwa haraka, na inayobaki hupita kwa shida kwenye ukuta wa ubongo. Majaribio madogo ya kuwachoma au kuwapulizia puani wagonjwa wa Parkinson hayakuonyesha kwamba ni bora kuliko dawa bandia. Sindano ya saluni, mwanangu, nakuhakikishia kitu kimoja tu: imeingia sindano.

Hakuna hata ugonjwa mmoja unaotibika kwa njia hii?

Upo, ila ni nadra. Kuna watu waliorithi kasoro kwenye jeni ya protini inayobeba vitamini E kutoka kwenye ini. Kijana huanza kupepesuka kama mlevi, miguu ikapoteza hisia. Ukimpa vitamini E nyingi maisha yake yote, ugonjwa husimama. Huyo alikuwa nayo pungufu kweli. Ugonjwa ulio jirani na huo ni ataksia ya Friedreich, nao wa kurithi na wa kupepesuka, ambao mwaka 2023 ilipata dawa ya kwanza Marekani, omaveloxolone. Dawa hiyo haibebi antioksidanti. Inaamsha Nrf2.

Nrf2 ni nini?

Ni protini iliyo kama mnyapara. Siku za kawaida hushikiliwa na mwenzake Keap1, anayeipeleka ikavunjwe. Cheche zikizidi, Keap1 huguswa, mkono unalegea, Nrf2 hukimbilia kwenye kiini cha seli na kuwasha mamia ya jeni kwa pamoja: za kutengeneza glutathioni, za kuirejesha kazini, za kufunga chuma, za kutoa sumu. Uwezo wa kuiamsha hupungua na umri. Watafiti wengi wameacha kutafuta maji ya kumwaga, wanatafuta namna ya kumwamsha mnyapara. Hii ndiyo tofauti ninayotaka uondoke nayo dukani: kinga ya seli ni karakana, wala si tangi la kujazwa kwa kifuniko cha chupa.

Basi tule nini?

Chakula cha nyumbani, na bila muujiza. Kabeji na sukuma wiki ni za ukoo wa brokoli, na zikikatwakatwa au kutafunwa hutoa kemikali zenye salfa ambazo maabara imeziona zikiiamsha Nrf2. Katakata, uache dakika chache, usizichemshe mpaka zife. Mboga za nakati na dodo, mapera, maembe ya Arua, njugu, simsim, ovakado na samaki wadogo wa mukene vinaleta vitamini, seleniamu, zinki na zile asidi amino za kutengenezea glutathioni. Sahani ya posho, yaani ugali, na maharage yenye mboga pembeni haikosi heshima hapa. Kinachoniuma ni kuona familia inaacha kununua mukene ili inunue vidonge.

Mihogo inaharibu neva? Sisi huku West Nile ndicho chakula chetu.

Mihogo mitamu, au michungu iliyotayarishwa vizuri, haina neno. Michungu isiyolowekwa na kukaushwa ipasavyo hubaki na sianidi, nayo huzima hatua ya mwisho ya mnyororo wa elektroni kwenye mitokondria. Septemba 2017 wilayani Kasese watu 98 waliugua na 2 wakafa kwa unga wa mihogo. Hiyo ni sumu ya siku moja.

Ya polepole huitwa konzo, jina la Wayaka wa Kongo lenye maana ya miguu iliyofungwa, na ilielezwa kitabibu mwaka 1938. Watoto na akina mama wanaokula mihogo michungu kwa wiki nyingi, hasa wakati wa njaa au vita, hushikwa na ukakamavu wa miguu ghafla, usioondoka. Mwili huiondoa sianidi kwa kutumia salfa, na salfa hiyo hutoka kwenye sisteini, ileile inayohitajika kwa glutathioni. Mtu asiye na maharage wala samaki sahanini analipa madeni mawili kwa noti moja. Tofauti na Parkinson, konzo haiendelei kuchimba mwaka hadi mwaka, na inazuilika kabisa. Ukiwa na shaka na unga, ulowanishe kwa maji, utandaze safu nyembamba juani saa 2, au kivulini saa 5, kisha usonge siku hiyohiyo. Sianidi hutoka kama hewa.

Mwanangu aliambiwa ana upungufu wa G6PD. Ubongo wake uko hatarini?

Tulia. G6PD ni kimeng'enya kinachoanzisha njia ya kutengeneza NADPH, nguvu inayofufua glutathioni iliyotumika. Kasoro yake imeenea kwenye nchi za malaria, ikiwemo yetu, kwa sababu inampa mtoto kinga kiasi dhidi ya malaria kali. Inayoumia ni chembe nyekundu ya damu, isiyo na mitokondria wala njia nyingine ya kutosha. Mwambie kila daktari kabla ya dawa kama primaquine au dapsone, na usiweke vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo kabatini kwenye nguo zake. Ubongo una njia za pembeni.

Ugonjwa wa kutikisa kichwa wa watoto wa kaskazini, nao ni wa kundi hili?

Huu wa Kitgum, Pader na Lamwo uliumiza moyo wa nchi nzima. Mwaka 2018 uchunguzi wa ubongo wa watoto waliokufa ulionyesha tau iliyorundikana, kwa hiyo ndiyo, ubongo unachakaa. Unahusiana na minyoo ya usubi inayoenezwa na inzi weusi wa mitoni. Baada ya mito kutiwa dawa ya kuua inzi hao na watu kupewa ivermectin, dawa ya minyoo hiyo, mara mbili kwa mwaka, wagonjwa wapya walipungua mno. Usimpe mtoto huyu antioksidanti badala ya dawa ya kifafa.

Kahawa?

Wanywaji wa kahawa hupata Parkinson kidogo kuliko wasiokunywa, imeonekana mara nyingi, na kafeini ndiyo inayodhaniwa zaidi. Robusta yetu ina kafeini karibu mara mbili ya arabika. Tunailima, tunaisafirisha, halafu tunakunywa chai. Kunywa ukiipenda, usinywe kama dawa.

Moshi wa mkaa, magari mabovu na dawa za kuua magugu?

Hapa ningeweka hofu yangu kabla ya kuiweka kwenye upungufu wa vitamini. Parakwati, dawa ya magugu, kazi yake hasa ni kuzalisha superoksidi ndani ya mmea. Ndani ya mtu haibadilishi tabia. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku 2007. Rotenoni hutoka kwenye mizizi na majani kama ya utupa, ule mmea wa kulevya samaki na kufukuzia fuko, nayo huziba mlango uleule wa mitokondria unaozibwa na MPTP. Utafiti wa Marekani wa 2011 kwa wanaotumia viuatilifu ulikuta waliotumia mojawapo ya hizi mbili walikuwa na Parkinson kwa takriban mara 2.5 ya wasiotumia. "Ni ya miti shamba" siyo "ni salama". Ukinyunyiza, vaa glavu na buti, simama upande upepo unakotoka, na usiwahi kuweka maji ya kunywa kwenye kopo lake.

Hewa chafu iliingizwa mwaka 2020 na kamisheni ya jarida la Lancet kwenye orodha ya vinavyochangia kupoteza kumbukumbu. Vifaa vya AirQo, mradi wa Makerere, vinaonyesha hali ya hewa ya Kampala mtaa kwa mtaa. Sigiri itoe nje, angalau kwenye baraza.

Ninaishi na VVU. Virusi vinagusa kumbukumbu?

Vinaweza. Huingia ubongoni mapema, na protini zake huchochea seli za ulinzi zimwage radikali. Kipimo kifupi cha kuvumbua tatizo hili, cha kugongesha vidole, kufuata mpangilio wa mkono na kukumbuka maneno manne, kilichapishwa 2005 baada ya kujaribiwa Marekani na hapa Uganda. Minocycline, dawa iliyotarajiwa kutuliza uvimbe na oksidisho, ilijaribiwa hapa nchini bila mafanikio. Dawa za kupunguza makali ya virusi zikimezwa bila kuruka ndizo zinazoulinda ubongo wako.

Naweza kupima kiwango changu cha antioksidanti?

Kipimo cha damu kisemacho ubongo wako una cheche kiasi gani hakipo kwenye matumizi ya kawaida ya hospitali. Anayekuuzia, anakuuzia karatasi. Mpimeni mzee vitu vyenye tiba: shinikizo, sukari, vitamini B12, tezi ya shingo, kaswende, huzuni iliyojificha. Na beba dawa zake zote kwenye mfuko mmoja uende nazo kliniki, kwa sababu haloperidol, chlorpromazine na metoclopramide zinaweza kuleta mtetemeko unaofanana na Parkinson kabisa.

Daktari amempa baba levodopa, dawa ya Parkinson inayogeuka dopamini, lakini tumesikia inaoksidishwa ubongoni na kuua seli zilizobaki. Tungoje? Na je, upupu ni mbadala?

Hofu hiyo haikutoka hewani. Kwenye sahani za maabara levodopa nyingi kweli huumiza seli. Kwa binadamu haikuonekana hivyo. Uholanzi waliwagawa wagonjwa 445, wengine wakaanza mapema, wengine wakangoja wiki 40, na majibu ya 2019 hayakuonyesha kwamba walioanza mapema waliumia. Utafiti mwingine, wa 2014, uliwalinganisha wagonjwa wa Ghana, waliochelewa miaka kupata dawa, na wa Italia walioipata mapema. Miondoko ya kujinyonganyonga ambayo watu huisingizia levodopa iliwatokea wote kufuatana na umri wa ugonjwa, bila kujali wameimeza kwa muda gani. Mghana aliyengoja hakuweka akiba yoyote. Alikosa tu miaka ya kutembea vizuri.

Upupu, ule unaowasha, mbegu zake zina levodopa halisi, na zimejaribiwa kitaalamu. Lakini mbegu moja haina kiasi sawa na nyingine, hutapisha, na mtu akichanganya na vidonge anazidisha dozi bila kujua. Mwambie daktari kama tayari anaitumia. Vidonge vyenyewe baba avimeze nusu saa kabla ya chakula, hasa chakula cha nyama au maharage, maana protini hugombania mlango mmoja na levodopa kwenye utumbo. Ukiona dawa "haifanyi kazi" mchana, uliza kwanza alikula nini na saa ngapi.